Kamera Ilikaa Ndani ya Gari: Riwaya za Wahindi Wekundu Zinavyozijibu Filamu za Kauboi

SWALI: Ninafundisha fasihi kwa Kiingereza katika shule ya sekondari mkoani Iringa. Wanafunzi wangu wanazijua filamu za kauboi kupitia simu na vibanda vya video. Juzi mmoja aliuliza kama Wahindi Wekundu waliuawa wote, maana kwenye filamu haonekani hata mmoja anayeishi leo. Nilimjibu kuwa wapo na wana waandishi wao, ila sikuwa na kitabu cha kumwonyesha. Naomba unieleze: waandishi hao wamezijibuje filamu hizo, na darasani nianze na kitabu gani?

JIBU: Mwalimu, salaam, na asante kwa swali lenye uzito. Mwanafunzi wako umhakikishie kabisa: hawakuisha. Serikali ya Marekani peke yake inatambua mataifa yao zaidi ya 570, kila moja na jina lake, uongozi wake na historia yake, na Kanada nako wako wengi. Wapo wafugaji wa ng'ombe, wanasheria, wauguzi, madereva wa malori, na wapo waandishi waliochukua tuzo za juu kabisa za fasihi nchini mwao. Nitasema "Wahindi Wekundu", au "Wahindi" kwa ufupi, ninapozungumzia watu wa kwenye filamu, kwa kuwa ndilo jina tulilolikuta. Nikifika kwa watu wenyewe nitataja taifa la kila mmoja, maana ndivyo wanavyojitambulisha.

Sasa nije kwenye namna wanavyojibu. Wengi hutarajia kwamba mwandishi atamwondoa Mhindi mkatili na mahali pake amweke Mhindi mwema, mwenye hekima, anayezungumza na tai. Wazungu wenyewe walishafanya hivyo mara nyingi, na kilichotoka ni picha ya bandia ile ile, sasa ikiwa na machozi. Waandishi ninaokuletea hapa walichagua kazi ngumu zaidi: walihamisha mahali pa kutazamia.

Itazame filamu ya John Ford ya mwaka 1939, Stagecoach, ambayo nyingine nyingi zimeiga mpangilio wake. Gari la abiria la kukokotwa na farasi linakatiza jangwa. Ndani yake yumo mama mjamzito, daktari mlevi, mcheza kamari, mwizi wa pesa za benki, na binti aliyefukuzwa mjini kwa sababu ya kazi yake. Tunawajua kwa majina, tunajua nani anamdharau nani, na mtoto anazaliwa njiani tukishuhudia. Waapache wanapokuja kushambulia, tunachokijua ni jina la Geronimo tu, linalotajwa kama tishio, hatukusikia wakijadiliana, hatujui wametoka kijiji gani wala nani anawangoja nyumbani. Kamera ilikaa na abiria tangu mwanzo, basi na sisi tumekaa nao. Waliokulia kwenye mabenchi ya vibanda umiza watakuambia kwamba stelingi ukishamjua, hesabu ya waliokufa upande wa pili haikuumizi. Waapache wale, kwa taarifa yako, waliigizwa kwa sehemu kubwa na Wanavajo, kwa sababu sehemu ya filamu ilipigwa Monument Valley, nchi ya Wanavajo. Mwaka 1956, katika The Searchers ya Ford huyo huyo, chifu wa Wakomanchi aliigizwa na Henry Brandon, mzaliwa wa Berlin mwenye macho ya buluu.

Picha hiyo ina umri mkubwa kuliko sinema yenyewe. William Cody, aliyejulikana kama Buffalo Bill, alianzisha maonyesho yake ya uwanjani mwaka 1883, akiwaajiri Wahindi halisi, wengi wao Walakota, waigize kushambulia magari ya walowezi mbele ya watu waliokata tiketi. Sitting Bull, kiongozi mkubwa wa Walakota, alizunguka nayo mwaka 1885. Desemba 1890 Sitting Bull aliuawa, na wiki mbili baadaye askari wa Marekani wakaua Walakota zaidi ya 250 huko Wounded Knee, Dakota Kusini, wakiwemo wanawake na watoto wengi. Kilichowatia serikali hofu ilikuwa ngoma ya ibada iliyoenea kwa kasi wakati ule, Ghost Dance. Miaka minne haijaisha vizuri, Septemba 1894, studio ya Thomas Edison kule New Jersey ikarekodi Walakota wa Buffalo Bill wakicheza ngoma iliyopewa jina hilo hilo, iuzwe kama burudani. Hata filamu za hadithi hazijaanza kutengenezwa, na msiba wa watu ulikuwa umeshageuzwa bidhaa.

Kwa hiyo waandishi hawa hawakuanza kujibu juzi. Mwaka 1927 mwanamke wa Okanogan, kutoka kaskazini magharibi mwa Marekani, aliyetumia jina la Mourning Dove, alichapisha riwaya inayoitwa Cogewea. Alikuwa kibarua wa mashambani, mchana akivuna matunda, usiku akipiga taipu. Msichana wa riwaya yake, Cogewea, baba yake ni Mzungu na mama yake ni Mwokanogan, na anaishi kwenye ranchi huko Montana akipanda farasi kuliko wanaume wengi. Yaani kauboi na Mhindi wako ndani ya mwili mmoja, jambo ambalo filamu za kauboi zisingelimudu.

Kuna siku ya mashindano ya farasi katika sikukuu ya taifa. Yamepangwa mashindano mawili ya wanawake, moja la mabibi wa Kizungu na jingine la wanawake wa Kihindi. Cogewea anaingia yote mawili. La kwanza anashinda, wanamnyima zawadi kwa kuwa ni Mhindi. La pili nako anapingwa, kwa kuwa hakutimia Uhindi. Ukurasa huo usome polepole. Hakuna bunduki hata moja iliyolia, na dhuluma yote imekaa mezani kwa waamuzi. Riwaya ina kasoro zake, maana rafiki Mzungu aliyeihariri aliingiza maneno yake mengi, na kuna kurasa zinazosikika kama hotuba. Hata hivyo ninaiheshimu sana. Kipo hata kipande ambacho Cogewea anasoma riwaya ya Mzungu kuhusu machotara wa Kihindi, anakasirishwa na uongo uliomo, na kitabu kinaishia kwenye jiko la kuni.

Nitaruka miongo kadhaa. Mwaka 1969 N. Scott Momaday, Mkiowa, alipata tuzo ya Pulitzer kwa House Made of Dawn, iliyotoka mwaka mmoja kabla yake, na mlango ukafunguka. Mwaka 1977 Leslie Marmon Silko wa Laguna Pueblo, New Mexico, akatoa Ceremony. Ni habari ya Tayo, kijana aliyerudi mgonjwa wa nafsi kutoka vita vya pili vya dunia, na anayepona pole pole huku akitafuta ng'ombe wa mjomba wake waliopotea. Mhindi anayetafuta ng'ombe! Kwenye filamu angekuwa mwizi wao. Ni kitabu kikubwa, ila ni kigumu. Kisome wewe kwanza, usianze nacho darasani.

Ninachotaka uanze nacho ni sura moja ya Love Medicine, riwaya ya kwanza ya Louise Erdrich, iliyotoka mwaka 1984. Erdrich ni Mwojibwe wa Turtle Mountain, Dakota Kaskazini. Sura inaitwa The Plunge of the Brave, na msimulizi wake ni Nector Kashpaw, mtu wa makamo anayekumbuka ujana wake.

Nector amemaliza shule. Ni mrefu, mzuri wa sura, na ukoo wake unaheshimiwa kwao. Wanakuja watu wa sinema kutafuta Wahindi. Kwa urefu wake anapewa nafasi kubwa kuliko Wahindi wenzake wote, naye anaona milango ya dunia imeanza kufunguka. Kumbe nafasi yenyewe ni ya kufa. Anaambiwa ashike kifua na aanguke kutoka juu ya farasi, basi, kazi imekwisha. Anaacha. Baadaye anakutana na mama tajiri, mchoraji, anayemlipa asimame uchi amchore. Picha inapokamilika, Nector anajiona akijirusha kutoka kwenye jabali refu kwenda kwenye mto wenye mawe. Picha inanunuliwa na kutundikwa kwenye jengo la serikali ya jimbo huko Bismarck. Nector analipiga hesabu jambo hilo kwa utulivu wa mtu aliyeishi muda mrefu: hawa watu wanachokipenda kwetu ni kutuona tukifa. Kisha anaingiza kitu ambacho mchoraji hakukiwaza. Anajisemea kwamba yeye akiruka hafi. Atabana pumzi akifika majini, aache mkondo umchukue, apite kati ya mawe, aibukie mbele.

Na kweli anaibukia. Sura iliyobaki inamwonyesha akiwa mume, baba, mwenyekiti wa baraza la watu wake, na mtu mzima aliyejitumbukiza kwenye mapenzi ya pembeni mpaka nyumba ya mwanamke inaungua kwa sababu yake. Si mtakatifu. Anadanganya, anasahau, anaogopa mke. Hapo ndipo ninapoiona nguvu ya Erdrich: amemchukua Mhindi aliyeajiriwa afe kwa sekunde mbili, akampa miaka hamsini ya maisha yenye aibu na fahari. Baada ya kuisoma sura hiyo, kila Mhindi anayeanguka kutoka juu ya farasi kwenye skrini atakufanya ujiulize alipomaliza kuanguka alikwenda kula wapi, alilipwa kiasi gani, na mkewe alimwambia nini jioni.

Hilo ni jibu la kwanza, kumfuata mwigizaji mpaka nyumbani kwake. Jibu la pili ni kurudi kwenye karne ile ile ya filamu, lakini ukae kambini. Aliyelifanya vizuri kuliko wote kwa maoni yangu ni James Welch, ambaye baba yake alikuwa Mblackfeet na mama yake Mgros Ventre, katika Fools Crow ya mwaka 1986.

Tuko Montana kuanzia miaka ya 1860, kwa Wapikuni, tawi mojawapo la Wablackfeet. Kijana wa miaka 18 anaitwa White Man's Dog, na kila mtu anajua kwamba hana bahati. Hana mke, hana bunduki ya maana, na farasi alionao hawafiki popote. Tunaingia naye kwenye mahema, tunasikia utani wa wanaume, tunamwona akihangaika kwa sababu mke mdogo wa baba yake anamtazama kwa jicho la mapenzi. Kuna mahari, kuna madeni ya fadhila, kuna rafiki mwenye majivuno ambaye kelele zake usiku mmoja zinamfanya mtu mzima wa kabila lake akamatwe na kukatwa vidole. Hata jina jipya la kishujaa, Fools Crow, kijana analipata katika mazingira ya kuchekesha: alijikwaa vitani akaanguka, wenzake wakadhani alikuwa akimlaghai adui, na sifa ikakua kuliko tukio. Yeye anajua ukweli, na aibu hiyo anaibeba kimya.

Kiingereza cha Welch kimejengwa kwa namna ya kumfanya msomaji Mzungu ndiye ajisikie mgeni. Askari wa Marekani wanaitwa wakamataji, nyati wa nyikani wanaitwa pembe-nyeusi, na walowezi wanaonekana mbali, kama moshi wa watu wasiojulikana nia zao. Wazee wanakaa kujadili: tupigane, tusaini, tuhame, tungoje? Wanatofautiana vikali, na kila mmoja ana sababu nzuri. Filamu nyingi hazikutupa hata dakika moja ya baraza kama hilo. Watu wasioonyeshwa wakifikiri ni rahisi kuamini kwamba hawafikiri.

Hadithi inaelekea tarehe 23 Januari 1870, na hii si ya kubuni. Asubuhi hiyo, kwenye baridi kali, kikosi cha Meja Eugene Baker kilizunguka kambi iliyokuwa kando ya Mto Marias. Kilikuwa kimetumwa kuishambulia kambi ya chifu mwingine, Mountain Chief. Kambi waliyoikuta ilikuwa ya Heavy Runner, aliyekuwa na amani na serikali. Wanaume wengi wenye nguvu walikuwa wametoka kuwinda, na waliobaki walikuwa wameshambuliwa na ndui. Kumbukumbu za walionusurika zinasema Heavy Runner alitoka akiwa ameshika karatasi yake ya amani, akapigwa risasi. Jeshi lenyewe lilihesabu maiti 173. Miongoni mwa walionusurika alikuwa mama wa bibi au babu wa Welch, Red Paint Woman, aliyejeruhiwa mguuni, na mwandishi akampa mke wa Fools Crow jina la Red Paint.

Sasa angalia alivyoiandika. Mauaji yenyewe hatuyaoni. Fools Crow anafika baadaye, na anachokikuta ni mahema yaliyoungua, theluji yenye masizi, na manusura wachache wanaosimulia kwa sentensi fupi. Mkurugenzi wa filamu angetupa farasi, tarumbeta na risasi, na pengine tungeshangilia bila kujijua. Welch alitunyima onyesho hilo kwa makusudi. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi na bado inanipa shida kuendelea na kazi nyingine siku hiyo. Riwaya inamalizika kwa majira ya masika na watoto wakicheza, na ninaamini alilazimika kuimaliza hivyo, kwa kuwa yeye mwenyewe ni uzao wa waliobaki.

Jibu la tatu ndilo linalonigusa zaidi, na linaonekana dogo. Ni kumweka Mhindi katika mwaka ule ule ambao filamu zilikuwa zikipigwa, na kumpa kazi ya mshahara. Erdrich alilifanya katika The Night Watchman ya mwaka 2020, iliyopata Pulitzer mwaka uliofuata. Mwaka ni 1953, na kumbi za sinema Marekani zimejaa makauboi. Thomas Wazhashk ni mlinzi wa usiku katika kiwanda kinachotengeneza vito vidogo vya ndani ya saa na vifaa vya kijeshi, huko Turtle Mountain. Kati ya zamu moja ya kukagua na nyingine anakaa mezani, anapambana na usingizi, na anaandika barua. Anawaandikia maseneta, wakuu wa jimbo, jamaa, mtu yeyote anayeweza kusaidia, kwa mwandiko mzuri wa shule.

Anaandika kwa sababu Agosti 1953 Bunge la Marekani lilipitisha azimio namba 108, lililotaka mataifa kadhaa ya Wahindi yafutiwe kutambuliwa na mikataba yao iishe, na Waojibwe wa Turtle Mountain walitajwa humo kwa jina. Lugha ya azimio ilikuwa tamu, kwamba watapewa uhuru na usawa. Thomas analisoma na kulisoma tena mpaka anaelewa kwamba likitekelezwa, ardhi itauzwa na watu watatawanyika. Aliyelisukuma kwa nguvu alikuwa Seneta Arthur Watkins wa Utah, na wajumbe wa Turtle Mountain walisafiri mpaka Washington mwaka 1954 kutoa ushahidi mbele yake. Hawakufutwa. Thomas ametengenezwa kutokana na babu wa mwandishi, Patrick Gourneau, aliyekuwa mlinzi wa usiku kweli na mwenyekiti wa kamati ya watu wake kweli, na barua zake za wakati ule ndizo zilizomwongoza mjukuu.

Mwalimu, fikiria hapo. Wakati studio zinalipa watu waanguke kutoka juu ya farasi, mzee mmoja anapambana na serikali kwa kalamu na termosi, na anashinda. Hakuna aliyempigia filamu. Nikitaka kumweleza mtu kwa nini riwaya ni muhimu, ninamtajia kitabu hiki.

Kwa wanafunzi wa mjini kuna There There ya Tommy Orange, ya mwaka 2018. Orange ni wa mataifa ya Cheyenne na Arapaho, na riwaya yake iko Oakland, California, kwenye mabasi, mitaa na vyumba vya kupanga. Wengi wa Wamarekani wa asili leo wanaishi mijini, na sera ya serikali ya miaka ya 1950 ya kuwahamishia huko ilichangia. Orange anaanza na ile picha ya kichwa cha Mhindi mwenye manyoya iliyokuwa ikionyeshwa kwenye televisheni za Marekani vipindi vikiisha, ikitumika kupimia mitambo, imezungukwa na duara na mistari kama shabaha ya bunduki. Halafu anatuingiza kwenye maisha ya watu 12.

Mmoja ni Orvil, kijana wa miaka 14, analelewa na bibi anayefanya kazi ya kugawa barua za posta. Bibi hataki kumfundisha mambo ya kabila, ana majeraha yake. Orvil anajifunza kucheza ngoma za kwao kwa kutazama video za YouTube. Siku moja anachukua kwa siri mavazi ya ngoma yaliyofichwa kabatini kwa bibi, yanambana, anasimama mbele ya kioo, na anajiona kama mtu aliyejivika Uhindi. Filamu zimefika mpaka kwenye kioo cha mtoto, zimemfanya Mhindi halisi ajihisi wa bandia. Wanafunzi wako watalielewa hilo haraka kuliko profesa yeyote. Nakuonya tu kwamba riwaya ina lugha kali, na mwisho wake ni wa damu.

Kabla hujaagiza vitabu, jihadhari na kimoja. Mwaka 1976 kilitoka The Education of Little Tree, kikidaiwa kuwa kumbukumbu za utoto za yatima wa Kicherokee aliyelelewa na babu na bibi milimani. Kimesomwa sana mashuleni, na mwaka 1991 kilikuwa kinaongoza orodha za mauzo Marekani. Mwandishi, aliyejiita Forrest Carter, jina lake la kweli ni Asa Carter, aliyewahi kuwa mwanachama wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, na mwandishi wa hotuba za gavana wa Alabama, George Wallace, aliyetetea ubaguzi wa rangi. Mtu huyo huyo ndiye aliyeandika riwaya iliyozaa filamu ya kauboi The Outlaw Josey Wales. Mhindi wake mpole na Mhindi wa filamu walitoka kwenye kalamu moja. Ukichagua kitabu, uliza kwanza mwandishi ni wa taifa gani, na kama taifa hilo linamtambua.

Filamu nazo zimebadilika kwa kiasi. Dances with Wolves ya mwaka 1990 iliwapa Walakota lugha yao na heshima, ila stelingi alibaki kuwa askari Mzungu, na sisi tuliwapenda Walakota kupitia macho yake. Smoke Signals ya mwaka 1998 ni kitu kingine. Mwongozaji wake, Chris Eyre, ni wa Cheyenne na Arapaho, na vijana wawili wa Coeur d'Alene, Victor na Thomas, wanasafiri kwa basi kwenda kuchukua majivu ya baba wa mmoja wao. Njiani Victor anamfundisha Thomas namna ya kuwa Mhindi: nuna, tazama mbali, uonekane kama umetoka kuua nyati. Thomas anamkumbusha kwamba watu wao hawakuwinda nyati, walikuwa wavuvi. Baadaye wanaimba wimbo kuhusu meno ya John Wayne, stelingi maarufu wa filamu za kauboi. Filamu nzima haifiki saa moja na nusu, unaweza kuionyesha vipindi viwili.

Utaniuliza haya yanatuhusu nini. Yanatuhusu sana. Miaka ya 1950 kule Léopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa, vijana wa mitaani walijiita Bills kutokana na Buffalo Bill, wakavaa na kutembea kama makauboi waliowaona sinema. Siwalaumu, walikuwa wakitafuta ujasiri chini ya utawala wa Wabelgiji, na skrini ilimpa kauboi ujasiri wote. Na mpangilio ule wa walowezi waliozingirwa uliletwa mpaka Kenya. Filamu ya Kiingereza Simba ya mwaka 1955, na ya Kimarekani Something of Value ya mwaka 1957, ziliitazama Mau Mau kutoka kwenye hofu ya nyumba ya mlowezi. Ngũgĩ wa Thiong'o alipoandika Weep Not, Child mwaka 1964, alitupeleka kwenye boma la Ngotho, kwa Njoroge anayetamani shule, na vita ile ile ikawa na sura nyingine kabisa. Alifanya walichofanya Welch na Erdrich.

Kwa sababu hiyo ningekushauri uvifundishe pamoja. Wiki ya kwanza, dakika kumi za shambulio katika Stagecoach, kisha waandike tukio hilo hilo wakiwa na wanaoshambulia, kila mmoja ampe mpanda farasi wake jina, mama, na jambo alilobishana na mwenzake asubuhi. Wiki ya pili, sura ya Nector. Baada ya hapo wagawe: kundi moja lichukue The Night Watchman, jingine Weep Not, Child, na walinganishe Thomas na Njoroge, kila mmoja na imani yake katika elimu na maandishi, na yaliyowapata. Fools Crow ni ya wasomaji wako wenye subira, wapewe likizo nzima.

Erdrich ana riwaya nyingine maarufu, The Round House, iliyopata tuzo ya National Book Award mwaka 2012. Inahusu mama aliyebakwa, na sheria za wakati wa riwaya, zilizofanya mbakaji asiye Mhindi asishitakiwe kwenye mahakama za Wahindi. Ni kazi kubwa, lakini isome wewe mwenyewe yote kwanza, na uzungumze na mkuu wa shule na mlezi wa wasichana, ndipo uamue kama kidato cha tano wataiweza.